Askofu Hatolewi

Baba yangu alikuwa katekista, na ndiye aliyenifundisha sataranji, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa kule Isingiro, kwa kete alizochonga mwenyewe kwa mti wa mbuni: mfalme, askofu, askari na wenzao. Yeye alifundishwa na padre mmoja mgeni aliyekuwa hana wa kucheza naye. Kaka zangu walipenda mpira, basi nikabaki mimi, binti yake. Tulicheza jioni kabla ya chakula, tukitafuna kahawa, na nyumbani kwetu kulikuwa na sharti moja ambalo sijalisikia kwingine: askofu hatolewi. Akiliwa kwa bahati mbaya, sawa, ni vita. Lakini kumtoa makusudi aliwe ili wewe ushinde? Thubutu! "Mimi nifundishe katekisimu asubuhi, halafu jioni nimuuze askofu?" Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilianza kufundisha shule ya msingi, na walimu wenzangu wa kiume walikuwa na kikundi chao cha sataranji. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameachiwa na mzungu mmoja mashine ya kucheza nayo, kisanduku cha betri: unabonyeza kete yako, taa inakuonyesha yenyewe inakwenda wapi. Hakuna aliyewahi kuifunga. Waliposikia nimefundishwa na baba, wakasema, "Mlete huyo mzee tumwone."

Akaja Jumapili baada ya misa, kavaa koti lake la kanisani. Shikamoo mzee huku, shikamoo mzee kule, akapewa kiti. Na alicheza, jamani! Aliibana ile mashine mpaka mwalimu wa hesabu akaacha kuzungumza. Ikafika mahali hata mimi niliona: mtoe askofu, mfalme wa mashine abaki uchi, kazi imekwisha. Baba naye aliona, maana alishika kidevu muda mrefu. Kisha akasogeza askari wa pembeni.

Walilipuka. "Aa, mzee! Umeharibu!" "Toa askofu, hiyo si plastiki tu?" Mashine ikajinasua, ikamfunga, nao wakaendelea kumchambua kama maharage. Hata mashine, wakasema, ingemtoa askofu wake bila kusita. Baba akajibu, "Mashine haijabatizwa." Wakacheka, naye akatabasamu kidogo. Kikundi kile ndivyo kilivyokuwa, kukosoana kwao ni kwa kelele. Mimi walinichana kila wiki, nami niliwarudishia moto. Baba hakuyazoea hayo. Kwetu mtu akicheza vibaya unanyamaza, unamwachia ubao umwambie.

Akanigeukia. "Wewe ungefanyaje?"

Wote wananitazama. Ningesema nini? Ni yeye aliyenilea nisiseme uongo.

"Ningemtoa, Tata."

Akaitikia kwa kichwa, akawashukuru wote, akapanda baiskeli yake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, tungegombana yakaisha. Jioni nilikuta ubao umepandishwa darini. Nikamwambia tucheze, akasema macho yamechoka. Kesho yake macho, wiki iliyofuata macho, na macho hayo hayo yalikuwa yakisoma Injili bila miwani!

Sasa nilitakiwa nidanganye? Mpaka leo nikilifikiria napandwa na hasira: nawakasirikia wale walimu na midomo yao, namkasirikia na mzee, kuniuliza swali kama lile mbele za watu. Kisha hasira inashuka, nabaki na majuto, na sijui hata ni ya kosa gani.

Nikawa naazima ile mashine nacheza peke yangu. Ilinifunga, ikanifunga, wee! Mpaka siku moja nikaifunga. Niliacha chai mezani kwenye ofisi ya walimu, nikatoka mbio hadi nyumbani. Nilimkuta kibanjani anakata mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, Tata. Nimeifunga mashine!"

"Marahaba." Akasimama na panga lake, akaniangalia kwa upole kabisa. "Umefanya vizuri. Sasa utacheza na nani?"

"Na wewe."

"Mimi nimeacha, mwanangu. Shika mkungu hapa, usije ukaangukia mibuni."

Nikaushika. Tuliubeba ule mkungu wawili mpaka jikoni, yeye mbele mimi nyuma, na mchezo ule hatukuutaja tena mpaka tulipomzika.