Mlango wa Mama Mkubwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja sijaisahau mpaka leo. Nilikuwa kijana, karani wa kamati ya kupokea wageni, maana Malindi yetu ilikuwa imefunga udugu na mji mmoja wa pwani ya Mediterania, mji wa majumba ya vioo. Wageni walikuwa wakitembezwa mitaani. Walipofika kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyenilea, wakasimama kuupapasa mlango wake wa nakshi. Nami, kwa kutaka kuonekana mtu, nikatamka mbele ya wote: "Mlango huu ndio zawadi yetu kwenu."

Wageni wakapiga makofi. Mama Mkubwa alikuwa kizingitini na sinia la halua. Angekataaje mbele yao?

"Ushasema, mwanangu," akaniambia polepole. "Basi na uende."

Tukamtilia mlango wa mabati. Zamani, kila alasiri, wanawake wa mtaa walikaa barazani wakiuegemea ule ubao, wakisukana na kupiga soga. Mabati yalishika moto wa jua, hayaegemeki. Wakapungua mmoja mmoja, mpaka akawa anakaa peke yake. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Alipokuwa ameshafariki, nikapelekwa pamoja na ujumbe wetu kule kwao ng'ambo. Nikaukuta mlango umetundikwa katika ukumbi mkubwa, umesafishwa unang'aa, nyuma yake ukuta mtupu. Nikawaacha wenzangu watangulie. Nikausogelea, nikasema, "Hodi, mama." Nikasimama pale nikingoja, mtu mzima mimi, mpaka mlinzi akaja kuniashiria nisonge mbele.

Sasa naishi nyumba ile ile, na mabati yale yale. Watoto wangu wa kuzaa wako mbali, na siku nyingine jua huchwa sijasema na mtu. Mlango mwengine sijathubutu kuutia.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukitaka kutoa kitu cha mwenzio, muulize faraghani, wakati bado ana nafasi ya kusema hapana. Usimbane kwa macho ya wageni. Na anayekupenda ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa sababu yeye hatakukatalia.

Mungu akupe ulimi wenye subira, akuzungushie watu wako, na kila utakapopiga hodi, awepo wa kukuitikia.