Benchi Mbele ya Duka la Gesi

Mama yangu mdogo ni mtu wa kinyongo. Nasema mapema ili asije mtu akadhani namsengenya, maana hata yeye ukimwambia atakubali huku anakunja shuka. Wako watu wakikosewa wanalia, wanasamehe, wanaendelea na maisha. Yeye akikosewa anatafuta pa kukaa.

Kazi yake ni udobi. Anafulia uani, mabeseni matano kwa mstari, na mikono yake hunukia sabuni hata siku ya mapumziko. Dada yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa fundi cherehani. Nasema alikuwa. Vidole vyake siku hizi havikunjiki, ngozi imevuta na kung'aa, na cherehani iko pembeni ya sebule imefunikwa kitambaa.

Miaka miwili iliyopita mama aliamka asubuhi kuchemsha maji ya chai. Siku nne kabla alikuwa amebadilisha mtungi wa gesi dukani. Alikuwa na mafua, pua zimeziba kabisa, na dirisha la jikoni lilifungwa kwa sababu ya mvua. Akabonyeza swichi ya taa. Hakugusa jiko, hakushika kiberiti. Alibonyeza swichi tu, kitu ambacho mimi na wewe tunakifanya kila siku bila kufikiri, na moto ukainuka kutoka sakafuni.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi, inashuka, inatambaa, inajaa chini ya kabati na uvunguni mwa vitanda, inakaa humo kimya. Yenyewe haina hata harufu. Ile harufu mbaya tunayoijua imetiwa makusudi ili itushtue, na pua ikikaa nayo muda mrefu inaizoea, basi haishtui tena. Cheche ndogo iliyo ndani ya swichi inatosha kumaliza kazi. Haya yote niliyajua baada ya mama kuungua. Tangu hapo nikiingia jikoni kwa mtu, macho yangu huanzia chini.

Mwenye duka la gesi mtaani kwetu anaitwa Bwana Mitungi. Hakuja hospitali hata siku moja. Alikaa mlangoni kwake na kila aliyepita alimpa maneno yaleyale: "Yule mama alisahau kufunga jiko. Wanawake na usahaulifu, mnajua wenyewe." Vifungulio vya jiko vilikuwa vimeyeyuka, kwa hiyo hakukuwa na cha kumbishia. Mtaa mzima ukaimeza habari hiyo, na aliyeimeza kuliko wote ni mama mwenyewe.

"Labda kweli ni mimi," aliniambia, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni. "Na wewe ulikuwa umelala chumba cha pili. Ningekuua, mwanangu."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo safi. Alikiweka chini taratibu.

"Atasema," alisema. "Atasema kwa mdomo wake, hapa, mbele yako, kwamba haikuwa wewe. Mimi sitaki kingine."

Kesho yake alikwenda duka lilelile akabadilisha mtungi wake. Aliupeleka uani, akakoroga sabuni kwenye bakuli mpaka likajaa povu, akapaka shingo ya mtungi kwa brashi ya kufulia kola. Hivyo ndivyo gesi inavyotafutwa, kwa povu na si kwa kiberiti kama wafanyavyo wajinga waliochoka kuishi. Siku ya kwanza povu lilitulia. Siku ya pili na ya tatu vilevile, nikaanza kumhurumia. Siku ya nne lilivimba vijipovu vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Akang'oa ule mpira mdogo wa mviringo ulio ndani ya mdomo wa mtungi, ambao ndio unaozuia gesi isitoke, akaunusa, kisha akanipa.

"Unanuka nini?"

"Mafuta," nikasema. "Mafuta ya kukaangia."

"Ehe. Tangu lini mtungi ukakaangwa?"

Mpira ulikuwa mzee, umepasukapasuka kwa ndani. Mtu alikuwa ameuloweka mafuta ukavimba, ukang'aa, ukaonekana mpya. Ungekaa siku chache halafu ungelegea. Mama mdogo alimfuata Bwana Mitungi nao mkononi. Yule bwana akacheka mbele ya wateja, akamwambia akafue nguo, gesi si shughuli ya dobi.

Basi mama mdogo akapata pa kukaa. Alibeba benchi letu la uani akaliweka ng'ambo ya barabara, akitazamana na mlango wa duka. Kila siku saa mbili asubuhi yuko pale na bakuli lake la povu. Mteja akitoka na mtungi anaitwa: "Njoo mwanangu, nikupakie sabuni, bure kabisa." Wengi walimwona ana wazimu, wakamwachia tu apake ili waondoke. Ila mitungi iliyokaa dukani siku kadhaa, mpira wake ulikuwa umeshaanza kulegea. Wa kwanza kurudisha mtungi alikuwa mwalimu mmoja aliyeona povu linachemka pale penye shingo. Alirudi dukani anapiga kelele mpaka mshipa ukamtoka. Mama mdogo alikaa akala chungwa.

Watu wakampa jina la Mama Povu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Bwana Mitungi alimletea mjumbe wa mtaa amwondoe. Mjumbe alifika na maneno makali, akaombwa achague mtungi wowote dukani upakwe mbele yake. Aliuchagua, ukapakwa, povu likavimba. Mjumbe alitazama lile povu, akakumbuka kwamba na yeye hupika kwa gesi ya duka hilohilo, akaondoka karibu anakimbia.

Duka likapooza. Hata hivyo Bwana Mitungi hakusema neno tulilolingoja. Alianza kupitisha mitungi mlango wa nyuma, na kwa waliomuuliza alijibu vilevile, kwamba mama alisahau jiko. Mimi nilimchukia mpaka nikawa nakosa hamu ya kula. Mama mdogo alikula vizuri tu.

Ikaja siku ya mashati. Mke wa Bwana Mitungi alikuwa mteja wa zamani wa mama mdogo na hakuwahi kuacha kumletea nguo. Ugomvi wa duka hakuutaka nyumbani kwake. Mchana mmoja mama mdogo akaenda kumpelekea mashati yaliyopigwa pasi. Hata kabla hajabisha hodi, harufu ilimfikia kwa chini ya mlango.

"Nilisimama," aliniambia baadaye. "Usije ukanifanya malaika. Nilisimama pale na mashati yake mkononi, nikasema moyoni, na wao wapate."

Ndipo akamsikia yule mke ndani, akijisemea: "Hii harufu jamani! Hebu niwashe feni itoke."

"Usiguse swichi!" Mama mdogo aliingia bila hodi, mashati yakabaki kwenye vumbi. "Usiwashe, usizime, usiguse chochote!" Alifungua milango na madirisha, akafunga valvu, akauburuta mtungi mpaka uani. Mke wa Bwana Mitungi alitoka nyuma yake, akampigia mumewe simu kutoka barabarani.

Bwana Mitungi alifika anahema. Mama mdogo alikuwa ameshang'oa mpira, na hakumpa yeye. Alimpa mke.

"Nusa, dada. Unanuka nini?"

Yule mwanamke alinusa mara mbili. Akamgeukia mumewe. "Haya ni mafuta yangu ya jikoni. Kila wiki unachukua kikombe, unasema unakwenda kulainisha kufuli za duka."

"Ule mtungi kijana wa dukani ndiye aliyekosea kuuleta," alijibu Bwana Mitungi. "Wa nyumbani nilikuwa nimeuweka kando."

Alipomaliza kusema ndipo alipojisikia. Kumbe alikuwa na ya kuweka kando na ya kutuuzia sisi. Mkewe alikaa chini palepale uani, na mama mdogo akaokota mashati, akayakung'uta vumbi na kumkabidhi Bwana Mitungi.

"Kesho asubuhi utakuja kwa dada yangu," alimwambia. "Utakuja kwa miguu."

Alikuja, mkewe nyuma yake. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani. Bwana Mitungi aliinamisha kichwa akanung'unika kwamba halikuwa kosa la mama.

"Binti yangu, fungua mlango na madirisha," mama aliniambia. "Rudia, baba. Majirani hawajasikia."

"Hukusahau jiko, mama. Ulikuwa mpira. Nilijua."

Mama alifumba macho. Nilidhani atalia, nami nilishaanza kulia. Akaniagiza nilete sindano na uzi mweupe kutoka kwenye droo ya cherehani, nimpe mgeni.

"Tunga," akamwambia.

Bwana Mitungi alilamba uzi, akalenga tundu, akakosa. Akalamba tena. Mikono ilimtetemeka na jasho likamdondoka kwenye magoti. Hakuna aliyesema pumzika. Mama alimtazama muda mrefu, mwanamke aliyewahi kutunga sindano gizani huku anazungumza na wateja.

"Hiyo ya kwako ni woga, itaisha jioni," alimwambia. "Sasa nenda."

Mlangoni alimsogelea mama mdogo, akauliza kwa sauti ya chini kama yamekwisha.

"Nani kakwambia?" mama mdogo akajibu. "Saa mbili niko kwenye benchi. Na mitungi utaniletea mwenyewe, mmoja mmoja, ninuse mpira na kuipaka povu kabla hujauza."

Anaileta mpaka leo. Anavuka barabara na mtungi begani, anausimamisha mbele ya benchi, anangoja mbele ya watu mpaka povu litulie.