Mashine Zilizoruhusiwa Kuwaka

Dereva wa boda alinishusha mbele ya lango la kijani huko Kisugu, akasema ni hapa, akaondoka kabla sijakubali. Hapakuwa na kibao. Tangu Nakivubo alikuwa amesimama mara nne kuuliza njia, na kila aliyeulizwa alinyoosha kidole upande wake. Nilikuwa natafuta taasisi ndogo inayohifadhi sauti: kanda za wazee wakizungumza lugha za Kinubi na Kilango, zilizohamishiwa kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeandika mara tatu kuomba kuzisikiliza, na mara zote tatu mtu aitwaye Munirah alinijibu: karibu sana, ila leo mashine zimezimika.

Mlinzi alinikalisha kwenye benchi la kibanda chake, akafungua daftari kubwa jeusi. Aliitwa Odyek, polisi mstaafu.

"Unatoka wapi?"

"Kigali."

"Kabla ya Kigali?"

"Bukavu."

"Nani anakufukuza?"

"Mwache, Afande," alisema mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa benchi, kompyuta mapajani, begi la safari miguuni. Huyo ndiye alikuwa Munirah. "Huyu amekuja kusikiliza wazee. Wazee wako ndani ya mashine, na mashine zimenishinda."

Alikuwa na miaka thelathini na minne, Mnubi wa Bombo. Baba yake alitengeneza redio kwenye kibanda cha Nakivubo, na yeye alishika chuma cha kuchomelea risasi kabla hajajua kusoma saa. Alisoma kompyuta kwa karo iliyotoka kwenye redio hizo. Sasa alikuwa na seva sita za kutunza, chumba kimoja chenye dirisha la kioo, na mkurugenzi aitwaye Ojera, ambaye haamini kwamba kitu kinaweza kuwaka usiku kucha kisiungue. Kwa amri yake seva huzimwa kila jioni.

Munirah alinieleza mambo yake jinsi mtu anavyoeleza kesi aliyochoka kuieleza. Ndani ya kila seva mna kompyuta nyingine ndogo, ambayo kazi yake ni kuisimamia ile kubwa. Kubwa ikizimwa, ndogo hailali, mradi waya uko ukutani. Ina anwani yake kwenye mtandao, inapokea amri, na inaweka kumbukumbu ya kila kilichotokea. Yeye alikuwa ameandika skripti, mistari arobaini tu ya amri, inayozipigia hodi hizo ndogo kwa zamu. Inauliza: mkubwa wako amelala? Ikijibiwa ndiyo, inaamuru aamshwe, inasubiri sekunde tisini ili umeme wa jengo usizidiwe, kisha inakwenda kwa inayofuata. Mtu anaweza kuiendesha akiwa popote.

Yeye alitaka kuiendesha akiwa mji wa mbali wa Arua. Mume wake anafundisha huko, na mtoto wao Yasiin, wa miaka mitatu, yuko huko. Ojera alimpa siku nne: seva zikiwaka asubuhi bila mkono wa mtu, ahamie Arua na kazi yake. Zisipowaka, abaki.

"Aliniambia seva ni kama mtoto, hailelewi kwa simu," alisema. "Mimi mtoto namlea kwa simu mwezi wa saba huu. Juzi ameniuliza kama naishi ndani ya simu."

Jumatatu aliendesha skripti kutoka nyumbani kwake, ikamwambia seva zinawaka. Muda si mrefu zote zikawa zimelala tena. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo, na Ojera akafika kazini akakuta kimya. Munirah aliandika skripti upya mara mbili. Alibadilisha muda wa kusubiri. Alibadilisha nyaya za mtandao. Leo Alhamisi ilikuwa nafasi ya mwisho, na basi la Arua lingeondoka saa sita.

"Sikiliza upuuzi huu," alisema, akanigeuzia kioo chenye kumbukumbu za zile kompyuta ndogo. "Jumatatu, saa 0912, seva ya kwanza imekosa umeme wa ukutani. 0914, ya pili. 0915, ya tatu. Umeme ukikatika unakatika mara moja kote. Huu unatembea. Unatoka moja kwenda nyingine kama mtu."

Odyek, aliyekuwa akinisubiri nitie sahihi, alilowesha kidole akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Jumatatu," alisoma. "0912. Mashine nambari moja imejiwasha. Ndani mtu hakuna. Mlango umefungwa, ufunguo niko nao mimi. Nimechomoa waya, nimengoja itulie, nimerudisha waya. 0914, nambari mbili, hivyo hivyo. 0915..."

Munirah alifunika uso kwa viganja. Siku tatu skripti yake ilikuwa inaamsha ya pili huku mlinzi akichomoa ya kwanza.

"Afande. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Wewe hukuwepo. Ndiyo maana nimechomoa."

"Mimi ndiye nimewasha. Nikiwa nyumbani."

"Nimekaa kambi ya Nsambya miaka thelathini na moja," alisema Odyek. "Kitu ikijiwasha, kuna mtu. Kama ni wewe, karatasi iko wapi?"

Karatasi haikuwepo. Munirah alikuwa amewaandikia barua pepe mkurugenzi, mhasibu, fundi wa umeme na kampuni ya mtandao. Mwenye ufunguo hana barua pepe. Ana daftari.

Alilivuta daftari lile kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaandika, huku Odyek akisoma begani kwake: *Leo na kila siku ya kazi, kuanzia 0900, mashine nambari moja hadi sita zimeruhusiwa kuwaka zenyewe. Zisichomolewe.*

"Weka cheo," alisema Odyek. Akaweka. "Na zikiwaka 0859?"

"Chomoa, Afande."

Odyek aliridhika. Akaenda kusimama kwenye kioo cha chumba, mikono nyuma. Saa tatu kamili Munirah alibonyeza.

"Moja imeamka," aliita Odyek. Sekunde tisini. "Mbili imeamka." Kila mara alirudi kibandani kuandika. Ya nne haikuamka. Munirah alisema bila kugeuka, "Afande, usiiguse."

"Sijaigusa. Imeandikwa isiguswe."

Skripti iliuliza tena. Ikauliza mara ya tatu.

"Nne imeamka. Hii ni mvivu."

Ojera alifika ya sita ilipokuwa imeshaanza kuvuma. Alisimama mlangoni. "Nani ameingia humo?"

"Mtu hakuna, bwana," alisema Odyek, akampa daftari. "Imeandikwa."

Ojera alisoma. Akasoma tena, akitafuta mahali pa kukataa. "Na umeme wa kweli ukikatika?"

"Ukirudi, zile ndogo zinaamka zenyewe," alisema Munirah. "Nami naziamuru."

"Na Afande akienda likizo?"

"Wa zamu atasoma daftari, bwana. Kama mimi nilivyotakiwa kuandikiwa tangu Jumatatu," alisema Odyek.

Ojera alimrudishia Odyek daftari lake. "Nenda basi. Lakini simu yako iwe wazi."

"Imekuwa wazi miezi saba," alisema Munirah, akafunga kompyuta.

Odyek hakumruhusu kupita lango hivi hivi. Alitaka jina, saa ya kutoka, anakokwenda, saa ya kurudi. Munirah aliandika yote kwa haraka, dereva mwingine wa boda akiwa ameshapakata begi. Penye saa ya kurudi alipiga mstari, akarudisha kalamu, akapanda.

"Nyabo, bibie, hapa panatakiwa saa," alisema Odyek, lakini boda ilikuwa imeshakata kona. Alikaa akiuangalia ule mstari. Kisha akanigeuzia daftari na kuniuliza mimi je, nitatoka saa ngapi.