Daftari la Magma la Charlotte

Charlotte hasahau. Mwaka wa sita sasa tunashona meza moja hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na ninawaambia: ukimkosea yule mama, umejitafutia.

Kule Bukavu, Kongo, alisoma jiolojia, mpaka vita ikamtoa. Safarini alibebewa begi na René, waliyesoma naye darasa moja. René alipofika kambini akasema daftari la jiolojia la Charlotte, lililokuwa kwenye begi, limepotea njiani.

Mwaka juzi René akaanza kufundisha vijana habari za volkano, darasani karibu na cherehani zetu. Charlotte akasimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Maneno yangu yote," akasema. "Mpaka pale nilikosea nikiwa mwaka wa kwanza. Profesa alinisahihisha, lakini sahihisho niliandika kwa daftari ingine."

Nikamwambia akamshitaki.

"Nani ataamini mshonaji? Mi nataka aseme yeye mwenyewe, mbele ya bantu."

Siku za mwizi ni arobaini. Charlotte alimwongezea mwaka mzima. Alimsalimia kila asubuhi, hata shati alimpigia pasi. Mimi niliogopa, na nilifurahi.

Ndipo shirika moja likamwita René Lilongwe, katika ukumbi wa mtaa wa Old Town, wamjaribu kwa kazi ya kufundisha walimu. Kila mtu aliruhusiwa kusikiliza, tukaenda. René alisoma kwa madaha, lile daftari mkononi: "Chini ya ardhi, mgandamizo unafukuza maji kwenye magma."

Charlotte akasimama na chupa ya soda.

"Mwalimu, gesi ya hii soda iko wapi?"

"Ndani."

"Mbona haionekani?"

René akaanza kupekua daftari. Charlotte akafungua kifuniko, povu likaruka mpaka mezani.

"Ilikuwa imebanwa, njo maana ilibakia imeyeyuka. Na maji kwenye magma iko vile. Kule chini uzito wa miamba unaibana, inayeyuka ndani ya ule uji wa mawe. Magma ikipanda, mgandamizo unapungua, maji inatoka, inakuwa mapovu ya mvuke, na mlima unaweza kupasuka. Mgandamizo haufukuzi maji, unayashika! Nani alikufundisha kinyume?"

Watu wote wakamgeukia René. Jasho lilimtoka, nami sifichi, moyo wangu ulicheka. Lakini mtu anayezama hukamata chochote. Akalitupa daftari mbele ya mwenyekiti wa usaili.

"Si yangu! Ni ya Charlotte. Hiyo kosa njo yake, angalieni mwandiko."

Mwenyekiti akamwuliza Charlotte kama ni kweli. Angekana, angetoka pale msafi, na daftari lingebaki kwa René.

"Njo yangu," akasema. "Na kosa ni yangu. Andikeni yote mbili."

Hakuna aliyepewa kazi siku ile, ila Charlotte alirudishiwa daftari lake. Kwenye minibasi ya kurudi Charlotte aliufuta ule mstari wenye kosa, akaandika jina lake juu kwa herufi kubwa, akacheka mpaka Dzaleka. René alikuwa kiti cha mbele yetu. Alisikia kila kicheko.