Mapacha wa Chapuchapu

Msusi huyu wateja walimpachika jina la Chapuchapu, na lilimkaa. Kichwa cha mtu kiliisha kabla ya umbea, mteja akabaki kitini akisubiri mwisho wa habari. Basi daktari alipomwambia amebeba mapacha wa kufanana, wanaotumia kondo moja la nyuma, na kwamba atapimwa kila baada ya wiki mbili, aliona anachezewa.

"Wiki mbili, daktari? Hata misuko yangu hukaa zaidi ya hapo."

Daktari alimweleza taratibu. Kondo likiwa moja, mishipa ya damu ya watoto inaweza kuungana, mmoja akawa anampelekea mwenzake damu kupita kiasi. Anayetoa hunyong'onyea na maji yanayomzunguka hupungua. Anayepokea hulemewa, maji yake yakafurika. Ni vizuri kuliona tatizo hilo mapema. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliitikia kila neno kama mtu anayeelewa, kisha walipofika nje akamuuliza mkewe kondo ndiyo nini.

Mama mkwe ndiye aliyemsindikiza kliniki, eti kumbebea mkoba. Ukweli ni kwamba wajukuu kwenye skrini walimnogea kuliko tamthilia. Aliyetulia alimwita Bwana Mkubwa. Mrukaji akawa Msumbufu.

Asubuhi moja Chapuchapu aliamka tumbo limejaa na kukaza kuliko juzi. Alisema watoto wanakua tu, na tena ana bibi harusi wa kusuka, kliniki itangoja. Mama mkwe alishaushika mkoba.

"Bibi harusi atapata msusi mwingine, mwanangu. Hawa hawatapata mama mwingine."

Wakaenda. Siku hiyo Msumbufu hakuruka. Alikuwa amebanwa pembeni, maji yake kiduchu, na Bwana Mkubwa akielea kwenye bwawa lake. Mpimaji, ambaye kwa kawaida hakufunga mdomo, alikatiza soga akaenda mbio kumwita daktari, na mbio hizo ndizo zilizomtisha Chapuchapu. Walipelekwa hospitali kubwa siku ileile.

Kule daktari bingwa alipitisha mrija mwembamba tumboni, akaifunga kwa leza mishipa iliyoungana. Chapuchapu alikuwa macho, amemshika mama mkwe mkono mpaka ukafa ganzi, machozi yakimtoka bila sauti. Fundi, aliyengoja nje, alipoambiwa kilichofanyika alifurahi mno.

"Kumbe na yeye ni mchomeleaji," alisema. "Ila hana moshi."

Baada ya hapo walizidi kupimwa, na hakuna aliyelalamika. Watoto walizaliwa kabla ya wakati, Msumbufu mdogo kuliko mwenzake, wakatunzwa wodi ya njiti hadi uzito ukaruhusu kwenda nyumbani.

Chapuchapu amerudi saluni. Juzi mteja mjamzito alijisifu kwamba kliniki haendi, yeye ana nguvu zake. Chapuchapu alimsuka nusu kichwa, akaweka kitana chini na kumwambia nusu iliyobaki atasukwa akitoka kupimwa. Mama wa watu akajifunga kitambaa, akaondoka amenuna. Alirudi jioni, bado amenuna, akiwa amepimwa.