Mawe ya Shamba la Mayu

Jirani yangu hapa Somanda anajenga. Juzi lori lilimwaga mawe mbele ya geti lake, na kabla fundi hajayagusa, mvua ndogo ya mchana ikayapiga yakiwa bado ya moto. Harufu ikaingia mpaka jikoni kwangu. Mnaijua, harufu ya jiwe lililoungua na jua halafu likapata maji. Wengine huipenda, huvuta pumzi na kusema mvua hiyo inakuja. Mimi nilifunga dirisha, na dada anayenisaidia kazi akanishangaa, maana joto lilikuwa kali. Sikumweleza kitu. Ninyi nitawaeleza, kwa kuwa hamnijui na hamtakutana na mama yangu sokoni.

Nilizaliwa upande wa Dutwa. Baba alifariki nikiwa darasa la kwanza, na mashamba yote ya mbugani, ule udongo mweusi unaokubali pamba na mahindi, yakabaki mikononi mwa mdogo wake. Mayu, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, alipewa mteremko wa kilima nyuma ya nyumba. Mbuzi wenyewe walikuwa wanaupitia haraka haraka. Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo makusudi, mtaona kwa nini. Alimwambia mbele ya wazee: "Shemeji, lima misimu mitatu. Likikulisha, ni lako na mwanao. Lisipokulisha, ng'ombe wangu watakula majani yake." Wazee wakaitikia, na Mayu akapiga goti akashukuru.

Watu walicheka, sitawaficha. Kulima kule kulikuwa kama kulima juu ya bati. Jembe liligonga jiwe, likatoa cheche, likarudi. Lakini Mayu hakupigana na mawe. Kiangazi chote aliyaokota, akayapanga mistari iliyokingama mteremko, mstari baada ya mstari, kutoka juu mpaka chini. Kujua usawa alimwaga maji ya kibuyu akayatazama yanakimbilia wapi. Yakikimbia, aling'oa mstari akaupanga upya. Nyuma ya kila mstari alichimba vishimo, akatia samadi kiganja kimoja kimoja, akapanda mtama mwekundu, ule mchungu ambao ndege huuonja mara moja wakaenda kwa jirani. Nikimuuliza kwa nini tunajisumbua hivyo alisema, "Mvua ni mgeni. Usipomkalisha atapita, tena atapita na vitu vyako."

Msimu wa kwanza tulikula. Msimu wa pili mvua ilikatika mapema, mahindi ya mbugani yakanyauka yakiwa usawa wa kiuno, na mtama wa Mayu ukasimama. Enzi hizo ndiyo kwanza biashara imefunguliwa. Wakubwa waliita soko huria. Sisi watoto tulijua tu kwamba malori yameongezeka, na kwamba mtu hasumbuliwi tena kizuizini kwa gunia la nafaka lisilo na kibali. Mfanyabiashara mmoja wa Dutwa alipanda mwenyewe mpaka kwetu, akachota mtama kiganjani, akautafuna, akasema msimu ujao atachukua wote utakaozidi chakula. Mtu mzima, mwenye lori, amepiga hodi kwa mjane wa mlimani! Mayu alicheka peke yake siku nzima. Jioni nilimkuta ameketi juu ya mojawapo ya ile mistari, anatazama chini mbugani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi.

Mngedhani nilijivuna. Wapi. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Shuleni waliniita Ng'wanamawe, mtoto wa mawe. Wenzangu walikuwa na mashamba yaliyolimwa kwa plau, mistari imenyooka, nyeusi, safi. Letu ukiliona kwa mbali lilikuwa kama boma lililobomoka. Ugali wangu ulikuwa mwekundu, wao mweupe. Mtu akiniuliza mtama ule ni wa nini, nilijibu ni wa kuku. Marafiki wakitaka kunisindikiza nyumbani, niliwapitisha njia ya kisimani ili wasiuone mteremko. Nilikuwa na miaka kumi, na tayari nilijua kumkana mzazi wangu kwa uso mkavu.

Mwaka ule wa msimu wa tatu, shule yetu ilikuwa inajenga darasa. Kama mlisoma shule za vijijini mnajua: tofali, maji, mchanga na mawe ya msingi vililetwa na wanafunzi. Mwalimu wetu wa darasa la nne, kijana mgeni kutoka mbali, alisema kila mtoto alete mawe, na akauliza kama kuna mwenye kujua yanapopatikana kwa wingi. Darasa zima likageuka kunitazama. Mtoto mmoja akanong'ona, "Ng'wanamawe," wakaanza kucheka chini chini. Nikasimama. Nikasema kwetu yako mengi, yameshakusanywa, hata kuchimba hakuna.

Wiki ile Mayu alikuwa Malampaka, anamuuguza kaka yake. Mimi nilikuwa nalala kwa Baba Mdogo. Mwalimu aliniuliza, tena kwa upole, "Mama yako anajua?" Nikasema, "Ndiyo mwalimu. Amesema chukueni yote." Yote! Hakuna aliyeniomba niongeze hilo neno. Mwalimu akaamuru nipigiwe makofi ya kilo, na darasa lilelile lililonicheka likanipigia.

Baba Mdogo aliazimisha mkokoteni na ng'ombe wawili kwa sababu shule ilimwomba, na kwa sababu nami nilimwambia Mayu amekubali. Alikuna kichwa akasema, "Kumbe ameona mwenyewe kwamba mawe hayaliwi." Siku mbili tulibeba. Tulianza mstari wa juu kabisa tukashuka. Niliwaelekeza mimi, nikisimama kwa mikono kiunoni kama nyapara. Mawe makubwa ya chini yaliyozama ardhini, ambayo Mayu aliyaviringisha kwa mti akiwa peke yake, yaling'olewa na wavulana wa darasa la saba. Tulipomaliza, mteremko ulikuwa safi. Naapa niliuona mzuri. Nikawaza sasa tutafanana na watu.

Mayu alirudi Ijumaa kwa miguu kutoka barabarani, kitenge kimejaa vumbi. Nilikuwa namsubiri nimwonyeshe. Alifika pembeni ya shamba akasimama, mzigo bado uko kichwani. Alitembea taratibu mpaka ulipokuwa mstari wa kwanza, akachuchumaa, akapapasa ile alama ya mfereji jiwe lilipokuwa limelala. Kisha akauliza bila kunitazama, "Nani kayachukua?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimefanya jambo. Si jambo gani, ila ukubwa wake. Ningeweza kusema. Badala yake nikasema, "Mkokoteni wa Baba Mdogo ndio uliobeba." Akauliza, "Alisema nini?" Nikajibu, "Alisema mawe hayaliwi." Kila neno lilikuwa la kweli, na hiyo ndiyo sababu nilitembea siku mbili zilizofuata nikijiambia sijadanganya.

Mayu aliamini kwamba shemeji yake ameamua kumtoa shambani kwa ujanja kabla msimu wa tatu haujaisha. Mtu mwingine angeamini nini? Mama yangu hakuwahi kumpazia sauti ndugu wa mumewe, lakini Jumamosi ile alisimama uani kwake akamwita mnyang'anyi, majirani wakisikia. Baba Mdogo alisema neno hilo ni zito, wazee waje.

Wazee wa ukoo walikaa Jumapili baada ya ibada, kwenye kivuli cha ghala la pamba. Mwalimu aliitwa, akaja na shati lake jeupe. Watoto kwa kawaida hufukuzwa, ila mimi niliambiwa nikae karibu, juu ya gunia. Baba Mdogo alieleza yake. Mwalimu naye akaeleza, akiwa na wasiwasi kweli: "Mimi niliuliza, wazee wangu. Mtoto alisema mama yake ameruhusu. Kama si hivyo, basi mtoto kanidanganya." Watu wote wakanigeukia. Mzee mmoja mwenye fimbo ya mgunga akasema mtoto wa kike akianza hivi lazima afundishwe hapa hapa, mbele ya watu, asije akaharibu nyumba za wenzake. Akaanza kuinuka.

Mayu alinitazama. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Kisha nikamsikia anasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto amesema kweli. Alimruhusu kabla ya kwenda Malampaka, akasahau kwa sababu ya mawazo ya mgonjwa. Kosa ni lake.

Akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Baba Mdogo akaomba radhi kwa neno alilomwita. Wanawake wengine walicheka kwa pua. Mzee mwenye fimbo akasema mjane huyu akili zimeanza kwenda, na kama mawe aliyatoa mwenyewe basi asije akalalamika. Na mimi, enyi mnaonisikiliza, mimi nilifurahi. Niliamini kweli kwamba amesahau, kwamba huenda aliwahi kusema hivyo na mimi nisikumbuke. Niliamka pale guniani mwepesi, nikaenda jikoni kwa mke wa Baba Mdogo nikala viazi, na vilikuwa vitamu.

Tulianza kuokota upya siku iliyofuata. Yeye na jembe na karai, mimi na debe baada ya shule. Yaliyobaki kilimani yalikuwa vipande vidogo, vinavyoviringika. Tulikuwa hatujafika hata mstari wa tatu mvua za kwanza zilipokuja, na zilikuja kwa nguvu kama zinavyofanya zikichelewa. Asubuhi vishimo vyote vilikuwa vimezibwa, samadi yake ya mwaka mzima imelala chini mbugani kwenye pamba ya Baba Mdogo. Alipanda tena mbegu aliyoiweka akiba juu ya moshi wa jiko. Ikaota, ikasombwa. Mfanyabiashara wa Dutwa alipofika wakati wa mavuno alilitazama shamba akiwa ndani ya lori, akageuza.

Baba Mdogo alitimiza neno lake kama alivyolisema, na hata wakati wa kuingiza ng'ombe alionekana kuona haya. Mayu hakubisha. Miaka iliyofuata alipalilia pamba za watu kwa kibarua, jua la watu, maji ya kunywa ya watu. Darasa lilikamilika. Nilisoma humo mpaka nikamaliza la saba, nikafaulu, nikaendelea, na kwa sababu ya hiyo elimu leo nina nyumba yenye geti.

Sikumbuki siku gani nilielewa. Haikuja mara moja. Labda ni mwaka niliopata mtoto wangu wa kwanza, nilipokuwa nimekaa tu namnyonyesha, nikajikuta nauliza: mtu aliyepanga jiwe kwa jiwe kwa mikono yake, akapima usawa kwa maji ya kibuyu, anasahauje kwamba amesema yachukuliwe yote? Nikatazama mwanangu nikasikia uso unaniwaka, peke yangu chumbani, mchana kweupe. Alijua. Alipokuwa ananitazama pale ghalani alikuwa anachagua kati ya shamba na mimi, na wote waliokuwepo walimwona mpumbavu, nami nikiwemo.

Sasa anaishi nami, amezeeka, anasikia vizuri lakini macho hayaoni mbali. Juzi baada ya ile mvua nilikwenda uani alikokuwa anachambua choroko kwenye ungo. Nikapiga goti nikamsalimia, "Mwadila, Mayu," ingawa tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Nikasema, "Mayu, yale mawe ya shambani. Siku ile ya wazee. Mimi ndiye..."

Hakuniacha nimalize. Aliendelea kutupa vijiwe vya kwenye choroko kimoja kimoja, akasema taratibu, "Mawe yale nilitoa mimi. Umesahau?"

Nilipaswa kukataa. Miaka yote hii nilijiambia kwamba siku ikifika nitasema. Nikatazama vidole vya miguu yangu, nikajibu, "Ndiyo, Mayu."