Aonje Kwanza Mwenye Chupa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nakusimulia mimi mjomba wako kwa sababu kesho unatoka Gitega kuja huku kwetu Muyinga, na nasikia mafuta yamekosekana tena, mabasi yamelala, watu wamejaa barabarani wakiomba lifti. Utasimama na wewe. Sikukatazi, maana nikikukataza utasimama tu, kisha uje unidanganye kwamba ulipanda basi. Basi kabla hujaupunga huo mkono wako, nisikilize.

Nilikuwa kijana kama wewe, ila mjinga kukuzidi. Nililelewa Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, nikarudi Burundi na wazazi wangu ndevu zikiwa zimeshaanza kuchungulia. Gitega nilijifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mushasha aliyekuwa akishona sare za wanafunzi. Wenzangu pale walikicheka Kiswahili changu, wakaniita Mtanzania, wakasema sijui adabu za nyumbani. Liliniuma hilo. Nikajiapiza kwamba nitakuwa na adabu kuwashinda wote, na adabu yenyewe niliielewa hivi: kumwitikia kila mtu ndiyo na asante. Ukinikanyaga, mimi ndiye nakupa pole.

Siku ya kuondoka nilikuwa na kichwa cha cherehani ndani ya gunia. Kilikuwa kikuukuu, lakini maisha yangu yote yalikuwa humo. Baba alikuwa ameshafariki, na shamba tulilorudia Giteranyi, huku huku mkoani Muyinga, lilikuwa dogo, halishibishi. Mama na wadogo zangu walikuwa wakiingoja cherehani hiyo iwalishe. Nikiipoteza, tunarudi kulima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Pale barabarani, pembeni yangu, alisimama bibi mmoja wa Giheta. Jina lake Bibi Sidoniya, anakwenda Muyinga kumwona binti yake aliyejifungua. Hatukujuana. Alinitazama mimi, akalitazama gunia langu, kisha akasogea mbali kidogo. Nikaudhika, nikasema moyoni, kizee hiki kinanidhania mwizi.

Ikasimama kamyoneti, pikapu ndogo, dereva peke yake, mtu wa tabasamu. "We unaenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia Muyinga. "Pandeni wote. Gunia iende nyuma, huku mbele hakuna plasi ya kuiweka." Bibi akasema gunia langu linatosha miguuni, lakini mimi, kwa adabu zangu zile, nilikuwa nimeshalipeleka nyuma na kumshukuru dereva mara mbili.

Njiani akaanza maswali. Kuna nini kwenye gunia? Nikamwambia cherehani. Nzima? Nzima kabisa, nikajisifu. Nani atakupokea? Hakuna, nataka kumshtukiza mama, hajui hata kama nimetoka Gitega. Bibi akakohoa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi ulimi wangu siku hiyo ulikuwa unakwenda bila breki. Alipoulizwa Bibi, akajibu kwamba mkwe wake ni askari na anamngoja barabarani na wenzake. Baadaye nilikuja kujua kwamba mkwe wake alikuwa akitengeneza baiskeli. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila ile ya Bibi ilitutosha.

Kabla ya kufika Karusi, dereva akatoa chupa ya urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, akanipa. "Kunywa, kijana. Safari iko mrefu."

Sasa hapa ndipo ninapotaka ufungue masikio. Huku kwetu anayekupa kinywaji hutangulia kuonja mbele ya macho yako. Anakuonyesha kwamba anachokupa, na yeye anakinywa. Wewe umezaliwa huku, unalijua. Mimi wa kambini nilikuwa nimeliona mara nyingi nikadhani ni tamaa tu ya wazee.

"Onja kwanza, mwana wangu," Bibi akamwambia dereva, kwa upole kabisa.

"Mi niko naendesha, mama. Sinywi njiani."

"Tone moja tu. Gari haitalewa."

Dereva akacheka, hakuonja. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia Bibi, huyu mtu ametusaidia, tusimtukane. Nikaiinua chupa. Bibi akanipiga mkono, chupa ikaanguka na pombe yote ikamwagika miguuni petu.

Dereva akafunga breki. Ungetegemea agombe, gari lake limechafuka. Hakugomba. Alitazama kwenye kioo, kule nyuma lilikokuwa gunia, halafu akasema neno moja tu, "Shukeni."

"Kijana ashuke achukue gunia yake," Bibi akasema. "Mi niko nabaki hapa mpaka niione iko chini."

Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akakaa. Nikapenya mbele yake, nikakimbia nyuma, nikalivuta gunia. Lilipogusa tu ardhi, gari likang'oka. Bibi akaruka na uzee wake ule, akaanguka kwa magoti, damu ikamtoka.

Na unajua nilifanya nini? Nilimfokea. Mvua imeanza, gari limekwenda, nikamwambia ametupotezea lifti kwa mawazo ya kizee. Alijifuta matope, hakupandisha sauti.

"Angekuwa mtu mwema angeonja, akanicheka, tukaendelea," akasema. "We unaogopa kumuudhi mtu usiyemjua kuliko unavyoogopa kumliza mama yako."

Neno lile liliniingia, nikaketi juu ya gunia langu nikinyeshewa, nimeona haya ya kweli sasa.

Jioni haijaingia bado, akasimama Mhindi mmoja mwenye duka Muyinga, gari limejaa mafuta ya kupikia na sabuni. Huyo hakutabasamu hata kidogo. Mnatoka wapi, kwa nani, mbona mko porini, huyu mama ana damu ya nini? Akaniamuru nifungue gunia kwenye mvua ile ile. Nikataka kununa. Bibi akamfunulia kikapu chake mwenyewe bila kuambiwa, akaninong'oneza, "Huyu anatuogopa. Tunapanda."

Tulipokwisha kukaa, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akanywa funda moja, akaujaza tena mfuniko, akampa Bibi. Bibi akanywa, kisha akanipa mimi. Tulifika Muyinga salama, na kesho yake mama yangu akaishika cherehani kwa mikono yake miwili, akalia kwa furaha.

Mpaka leo sijui ile chupa ya kwanza ilikuwa na nini. Pengine ilikuwa pombe safi, na dereva yule alikuwa mtu wa hasira tu. Moyo wa mtu ni msitu. Nikikutana naye nitamwomba radhi, ila radhi yenyewe nitaisemea kwa mbali.

Kwa hiyo, mwanangu, tahadhari kabla ya hatari. Mzigo wako uupakate. Namba ya gari nitumie kwenye simu, na uisome kwa sauti dereva asikie. Akikuuliza nani anakungoja, sema tuko wengi. Akikupa cha kunywa, mwombe aonje, na kama hataki, mwambie kiu yako ni ya kesho. Na yeye akikushuku wewe, akakupekua, usinune, kwa kuwa hata wewe humjui na yeye hakujui. Usimwonee haya mtu yeyote, hata mimi mjomba wako. Yule utakayemuudhi barabarani mtasahauana kabla ya Karusi, lakini usipofika, mama yako hatakusahau, atakaa mlangoni akikungoja miaka na miaka.

Haya, njoo. Mungu akuketishe penye watu wanaokuogopa kidogo, akuepushe na wanaokuchekea mno, na mguu wako uukanyage uwanja wetu ukiwa mzima.